Piano Ngazini: Laurel na Hardy Walivyoipa Sauti Kazi Yake

Mwaka 1927 Stan Laurel na Oliver Hardy walipandisha mashine ya kufulia nguo kwenye ngazi ndefu za mtaa mmoja wa Los Angeles. Filamu hiyo iliitwa Hats Off. Ilikuwa bubu, na leo hakuna nakala yake inayojulikana kuwepo. Kilichobaki ni picha za mnato na maelezo ya walioiona enzi hizo. Desemba 1931 wawili hao walirudi kwenye ngazi zilezile, safari hii wakiwa na piano. Kazi hiyo ilizaa The Music Box, filamu isiyotimiza nusu saa, iliyoingia kumbini Aprili 1932 na ambayo ndiyo pekee kati ya filamu zao iliyotwaa tuzo ya Oscar.

Wanaoisifu filamu hii aghalabu husifu ngazi, na ngazi zinastahili. Lakini ngazi zilikuwapo tangu 1927. Kilichobadilika ni mzigo. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba badiliko hilo la mzigo ndilo lililoifanya The Music Box iwe kielelezo bora kuliko vyote cha jinsi vichekesho vya sinema vilivyojifunza kuitumia sauti, katika miaka ambayo watu wengi mahiri walikuwa wanashindwa.

Mashine ya kufulia ikigonga jiwe hutoa kishindo, basi. Piano ina nyuzi zaidi ya mia mbili zilizokazwa kwenye fremu ya chuma, na hata ukiifungia ndani ya kasha la mbao, kila ikitikiswa nyuzi hizo huguna pamoja. Sikiliza namna kasha linavyopanda kidato kimoja katika filamu hii: kwanza mbao inakwaruza saruji, kisha unakuja mguno mzito unaochelewa kuisha. Likiponyoka, mguno unageuka kelele ya nyuzi zilizochanganyikiwa, inateremka kidato kwa kidato hadi barabarani, na kasha likishatulia nyuzi bado zinavuma. Kwa sehemu kubwa ya filamu hatuioni piano yenyewe. Tunaona mbao tu. Piano tunaisikia, na kwa kuisikia tunaamini kwamba mle ndani kuna kiumbe chenye tabia, chenye ukaidi, kisichotaka kupanda. Wahusika wa ngazini hawakuwa wawili, walikuwa watatu, na wa tatu alizaliwa na maikrofoni.

Ili kuona ukubwa wa jambo hilo lazima turudi kwenye hofu ya 1929. Mwaka huo studio ya Hal Roach iliyokuwa Culver City, ambayo filamu zake zilisambazwa na MGM, iliingiza mitambo ya sauti. Wachekeshaji waliokulia kwenye filamu bubu walikuwa na sababu za kuogopa. Zamani mpiga picha aliweza kupunguza kasi ya kamera ili mkimbizi aonekane anapaa. Sauti ilifunga kila kitu kwenye kasi moja ya picha 24 kwa sekunde. Kamera za mwanzo za filamu za sauti zilifungiwa ndani ya vibanda ili mngurumo wake usinaswe, na waigizaji wakalazimika kuganda karibu na maikrofoni iliyofichwa. Charlie Chaplin alikataa kabisa mazungumzo na mwaka 1931 akatoa City Lights bila neno hata moja la kueleweka. Harold Lloyd alikuwa ameshaipiga Welcome Danger ikiwa bubu, akalazimika kuipiga tena sehemu kubwa ili iwe na sauti. Buster Keaton, aliyekuwa MGM, alipewa maneno mengi ya kusema na nafasi ndogo ya kuamua.

Laurel na Hardy walivuka mto huo bila kulowa, na si kwa bahati. Tangu walipounganishwa rasmi mwaka 1927, kwa msukumo mkubwa wa mwongozaji Leo McCarey, walikuwa wameshajitenga na mbio za wenzao. Mmoja anapiga, mwingine anasimama, anatafakari, anapanguza uso, ndipo anajibu. Ollie anaitazama kamera kana kwamba anamwomba mtazamaji awe shahidi. Mwendo huo wa taratibu ulionekana wa ajabu katika zama za vichekesho vya kukimbizana. Sauti ilipokuja na kuwataka watu wote watulie, wao walikuwa wametulia tayari.

Filamu yao ya kwanza yenye mazungumzo, Unaccustomed As We Are, ilitoka Mei 1929. Kwa kuwa kumbi nyingi hazikuwa na mitambo, ilisambazwa pia bila sauti, na diski zenye sauti yake zikapotea kwa miongo kadhaa kabla ya kupatikana tena. Nina furaha kwamba zilipatikana, kwa sababu ndani yake mna majaribio mawili ya kuheshimiwa. La kwanza: mke wa Ollie, aliyeigizwa na Mae Busch, anamfokea mumewe huku santuri ikipiga muziki, na pasipo kujua anaanza kufoka kwa kufuata mapigo ya muziki huo. Ukiondoa sauti, kichekesho chote kinayeyuka. La pili ni kubwa zaidi. Mwishoni Stan anaaga, anatoka nje ya picha, na sisi tunabaki tunaitazama sehemu aliyokuwa amesimama huku tukisikia mwili unaporomoka ngazi. Hatuoni kitu. Masikio ndiyo yanayohesabu vidato.

Miezi michache baadaye, katika Perfect Day, kipande cha chuma kutoka kwenye gari kinamtua mmoja wao kichwani, na badala ya sauti ya kawaida ya pigo tunasikia mlio wa kengele kubwa. Leo mlio wa namna hiyo umo katika kila katuni. Mwaka 1929 mtu alihitaji kuufikiria kwanza, na alihitaji kugundua kwamba sauti ya filamu haina wajibu wa kufanana na sauti ya dunia.

Kutokana na majaribio hayo ikazaliwa kanuni ambayo hawakuiandika popote lakini unaiona filamu baada ya filamu: masikio yapewe ajali, macho yapewe uso. Katika filamu bubu ilikuwa lazima uone mtu akianguka, la sivyo hukujua kwamba ameanguka. Kwa sauti, kamera iko huru kubaki kwa yule aliyesalia. Stan anakodoa macho kuelekea mahali fulani nje ya fremu, tunasikia vyombo vikivunjika, kimya kidogo, halafu sahani ya mwisho. Anguko tunalitengeneza wenyewe kichwani, na hakuna studio yenye fedha za kutosha kushindana na anguko ambalo kila mtazamaji amejijengea. Ollie anaporudi amejaa vumbi, tunamcheka kwa kile tulichokiona bila kukiona.

Sauti zao wenyewe zilikuwa bahati, lakini bahati waliyoitunza. Stan alizaliwa mwaka 1890 Ulverston, kaskazini mwa Uingereza, akakulia katika familia ya watu wa jukwaani, na akafika Marekani mwaka 1910 na kundi la Fred Karno akiwa pamoja na Chaplin. Ollie alizaliwa mwaka 1892 Harlem, mji mdogo wa jimbo la Georgia, akaimba tangu utotoni, na mwaka 1910 alikuwa anaendesha mitambo ya ukumbi wa sinema huko Milledgeville, akiwatazama wachekeshaji wa skrini na kujiambia kwamba hata yeye angeweza. Mmoja akaja na sauti nyembamba ya kaskazini mwa Uingereza, yenye mshangao wa mtoto. Mwingine akaja na adabu nzito ya kusini mwa Marekani, ile ya mtu anayesema samahani hata wakati anazama. Wapenzi wa filamu zao walipozisikia sauti hizo kwa mara ya kwanza, hakuna aliyelazimika kubadili picha aliyokuwa nayo.

Hal Roach alizitaka sauti hizo hata ughaibuni. Kati ya 1929 na 1931, kabla utaalamu wa kuingiza sauti za lugha nyingine haujakomaa, wawili hawa walipiga filamu zao upya kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano. Lugha hizo hawakuzijua. Waliyasoma matamshi yaliyoandikwa kwenye mbao nyuma ya kamera. Blotto ilipata toleo la Kihispania na la Kifaransa, Brats ikapata la Kijerumani. Watazamaji wa Italia walizoea mno lafudhi yao ya kigeni kiasi kwamba hata sauti za Waitaliano zilipoanza kutumika badala ya zao, waigizaji waliendelea kuiga Kiitaliano kibovu cha Mwingereza, na mmoja wa waliompa Hardy sauti hiyo ni Alberto Sordi, ambaye baadaye akawa nyota mkubwa wa sinema ya kwao. Kazi hiyo ya matoleo ilikuwa ghali na ya kuchosha, na ninaamini iliwafundisha kitu: kichekesho kinachobebwa na mlio wa nyuzi hakihitaji mkalimani.

Sasa twende ngazini. Ziko mtaa wa Vendome, eneo la Silver Lake, vidato 133 vya saruji vinavyopanda mlima moja kwa moja kati ya nyumba. Ni njia ya umma, ipo mpaka leo, na chini yake kuna kibao cha kumbukumbu. Mwongozaji James Parrott aliziheshimu. Aliiweka kamera chini kabisa akazionyesha zote, kiasi kwamba hatuhitaji kuelezwa chochote: mzigo ni ule, mlima ni ule, watu ni wale. Maandishi ya mwanzo yametuambia kwamba mabwana hawa wamekusanya mtaji wao wote, dola 3 na senti 80, wakaingia kwenye biashara ya uchukuzi. Marekani ilikuwa katikati ya anguko kubwa la uchumi. Watu waliolipa kiingilio mwaka 1932 walijua maana ya kuwekeza senti ya mwisho katika kazi ya mgongo.

Hamali yeyote atakuambia kwamba hatari ya mzigo mkubwa haiko katika kupanda, iko katika kusimama. Filamu imejengwa juu ya ukweli huo. Wakiwa wanapanda, Stan na Ollie wanaweza. Si wazembe, si dhaifu, wanapumua na kuhesabu na kusogeza. Kinachowaangusha ni watu. Yaya anateremka na kigari cha mtoto, ni lazima apishwe. Wanapompisha kwa adabu, kasha linapata nafasi yake na kuondoka. Yaya anaangua kicheko. Stan anampiga teke la nyuma, yaya anamrudishia ngumi, Ollie anamcheka Stan, na chupa ya maziwa ya mtoto inavunjikia kichwani mwa Ollie. Tazama mpangilio wa adhabu hapo: mwenye kosa anapata ngumi, mwenye kucheka anapata chupa. Baadaye anaitwa askari polisi. Stan anamjibu kwa maneno makubwa yaliyokaa kinyumenyume, na rungu linamtua utosini. Halafu anakuja profesa.

Billy Gilbert amemwigiza Profesa Theodore von Schwarzenhoffen kwa moyo wote, mtu mwenye mkia mrefu wa vyeo anaoutaja kama anayepigana, na ambaye haoni kwa nini azunguke kasha wakati kasha linaweza kumpisha yeye. Stan anaipiga kofia yake ndefu ya heshima. Hapo Parrott anafanya jambo la kishupavu: anaiacha kofia ishuke. Inadunda ngazi zote zile, nyepesi, karibu kimya, baada ya dakika nyingi za kasha linalonguruma kwenye vidato vilevile, hadi barabarani, na lori linaipitia. Filamu imeshazifundisha ngazi kupiga kelele, na sasa kitu pekee kinachoshuka bila kelele ndicho chenye gharama kubwa kuliko vyote. Bila sauti tofauti hiyo isingekuwepo.

Ngazini hakuna muziki wa nyuma. Hili ni jambo la kushangaza kwa filamu ya Roach ya 1932, kwa sababu kufikia wakati huo studio ilikuwa imezoea kutandaza muziki mwepesi wa LeRoy Shield chini ya karibu kila onyesho, kwa namna ya kupendeza kweli. Hapa wameuondoa. Wimbo wao maarufu wa kutambulisha, ule wa Marvin Hatley unaoiga sauti ya ndege, unasikika mwanzoni, kisha tunaachwa na viatu, pumzi, mbao na nyuzi. Aliyefanya uamuzi huo aliielewa filamu yake. Kama kungekuwa na bendi inayopiga, sauti ya piano iliyofungiwa ingekuwa kelele moja kati ya nyingi.

Nusu ya pili ya hoja yangu ni kuhusu maneno, kwa sababu sauti si mlio peke yake. Baada ya mateso yote kasha linafika juu. Tarishi wa posta, Charlie Hall, yuleyule aliyewaonyesha nyumba mwanzoni, anawauliza kwa nini hawakuzunguka kwa barabara ya gari inayofika mpaka mlangoni. Ni sentensi fupi, imesemwa bila ubaya. Wanatazamana. Kisha wanalibeba kasha, wanaliteremsha vidato vyote, wanalipakia kwenye gari la farasi, na kuzunguka kwa barabara.

Nimeisikia ikisemwa kwamba hapa wanaonyesha ujinga wao. Sikubali. Wanaonyesha utiifu. Wameambiwa kuna njia sahihi, na wao ni watu wanaotaka kufanya kazi kwa njia sahihi. Kwamba kazi imeshakwisha halibadilishi wajibu huo. Stan na Ollie daima wanafuata maelekezo kuliko busara, na kwa hiyo sentensi moja kutoka kwa mtu mwenye sare ina nguvu ya kuwateremsha mlima ambao uzito wa piano haukuweza kuwashinda. Katika filamu bubu jambo hilo lingehitaji kibao cha maandishi, na kibao kingekata mtazamano wao katikati. Hapa neno linaingia, na uso unabaki. Tena barabara ni ya kweli: ngazi za Vendome zinatokea Descanso Drive, ambako magari yanapita. Nyumba ya profesa tu ndiyo iliyojengwa studio.

Upo ushahidi mmoja unaonifanya nishikilie madai yangu kuhusu mzigo. Mwaka 1945 Hal Yates, aliyeiongoza Hats Off, alirudia kisa hicho kwa kampuni ya RKO, katika filamu fupi iitwayo It's Your Move, nyota wake akiwa Edgar Kennedy, mchekeshaji wa hasira za taratibu aliyewahi kucheza mara nyingi na Laurel na Hardy. Ngazi ni zilezile. Sauti ipo. Mzigo ni mashine ya kufulia. Filamu inachekesha pale Kennedy anapojikuna kichwa, lakini kasha lake halina nafsi, likianguka, limeanguka. Three Stooges nao walikuwa wamejaribu kupandisha barafu kwenye ngazi nyingine za Los Angeles katika An Ache in Every Stake ya 1941. Kichekesho chao ni cha macho, barafu inayeyuka njiani, na ni kizuri. Ila hakuna kati ya filamu hizo inayokufanya uusikilize mzigo.

Kuna jambo jingine juu ya piano, na hapa sidai kwamba waliokuwa Culver City walilikusudia. Piano ndicho chombo kilichoibeba sinema bubu. Katika ukumbi mdogo wa mji mdogo, mpiga piano mmoja alikuwa ndiye mvua, farasi, mapenzi na moto. Filamu za sauti zilipoenea, wanamuziki wa kumbini walipoteza kazi kwa maelfu, na chama chao Marekani kiliendesha kampeni magazetini dhidi ya muziki wa mashine. Piano zinazojipiga zenyewe kwa gombo la karatasi lenye matundu, zilizokuwa fahari ya sebule za Wamarekani miaka ya mwanzo ya 1920, ziliangushwa na redio na kisha na anguko la uchumi. Kwa hiyo mwaka 1932 kulikuwa na piano nyingi Marekani ambazo hakuna aliyezihitaji. Katika filamu, piano, ya aina hiyohiyo ya kujipiga yenyewe, ni zawadi ya siku ya kuzaliwa kutoka kwa mke kwenda kwa mume, na mume, ambaye ni profesa wetu wa kofia, anazichukia piano kuliko kitu chochote duniani. Mtazamaji wa leo anaona ukichaa wa mtu mmoja. Mtazamaji wa wakati ule aliona pia chombo ambacho nyumba nyingi zilikuwa zinajaribu kukiondoa.

Kipande cha kuiingiza piano ndani kinanichosha kidogo. Kuna kapi na kamba, kuna dirisha la ghorofani, kuna kidimbwi cha bustani kinachowapokea zaidi ya mara moja, na mengine yanajirudia bila kuongeza kitu. Lakini hata hapo mna lulu: wawili hao wanavaa kofia, kila mmoja ya mwenzake, wanabadilishana, wanakosea tena, na hasira ya Ollie inapanda kwa kipimo cha milimita. Huo ni mchezo wa zamani wa jukwaani, hauhitaji sauti, nao wanaucheza kwa ukamilifu kwa sababu hawauharakishi.

Hatimaye mbao zinafunguliwa, maji yanamwagika sakafuni, na piano tuliyoisikia ikilia njia nzima inapata nafasi ya kuimba. Inapiga mseto wa nyimbo za kizalendo za Kimarekani. Wakiwa wanasafisha uchafu wao, Stan na Ollie wanaanza kucheza. Hawajaambizana. Mguu wa mmoja unasogea, wa mwingine unaitikia, na kwa muda kazi ya kuokota mbao inakuwa dansi. Ollie, mwenye mwili mkubwa kuliko wote chumbani, anateleza kama mwenye nusu ya uzito wake. Kila mara alikuwa mchezaji mwepesi. Hakuna anayeanguka. Tumekaa tukingoja maafa kwa mazoea, na maafa hayaji. Kwangu hicho ndicho kilele cha filamu, juu ya ngazi zote, kwa sababu kelele ileile iliyowatesa mlima mzima imegeuka kuwa muziki wanaoumiliki.

Kisha profesa anaingia, anaona chumba chake, na anachukua shoka. Anaikata piano huku ikiendelea kupiga. Katikati ya mapigo gombo linafika kwenye wimbo wa taifa wa Marekani. Shoka linasimama. Wote watatu, wachukuzi waliolowa na mwenye nyumba mwenye hasira, wananyooka na kupiga saluti mbele ya piano inayokufa. Wimbo unapita, shoka linaendelea. Sijui kichekesho kingine cha miaka hiyo kinachoitegemea sauti kiasi hicho: amri inatoka ndani ya chombo chenyewe kinachouawa, na muuaji anaitii. Sheria ya tarishi wa posta imerudi kwa sura nyingine, na sasa hata profesa mwenye vyeo vyote vile yuko chini yake.

Novemba 1932 taasisi inayotoa tuzo za Oscar ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya filamu fupi ya vichekesho, na The Music Box ikaichukua. Kwa utaratibu wa wakati ule sanamu ilikwenda kwa Hal Roach, mtayarishaji. Katika orodha ya majina ya kazi hiyo Parrott ametajwa kama mwongozaji na H. M. Walker kama mwandishi wa mazungumzo. Jina la Stan limo kwenye uigizaji tu, ingawa kila aliyefanya kazi naye alijua kwamba yeye ndiye aliyekaa na watunga vichekesho kabla ya kupiga picha na akaketi na mhariri baadaye, wakati Ollie amekwenda kucheza gofu. Filamu hizi zilipelekwa kwanza kwenye kumbi za kawaida kujaribiwa, ili ijulikane kicheko kinadumu muda gani kabla ya neno linalofuata. Pengo refu baada ya utani, ambalo ukitazama peke yako nyumbani unaweza kuliona ni uzembe, lilipimwa kwa ajili ya ukumbi uliojaa. Taasisi hiyo ilimtunuku Stan Oscar ya heshima mwaka 1961. Ollie alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Anayetaka kuionyesha filamu hii darasani au kwenye klabu ya sinema achague nakala kwa makini. Zipo zilizopakwa rangi miaka ya 1980, na rangi hizo zinafanya saruji ya ngazi na mbao za kasha zionekane za kuchezea. Baadhi ya filamu zao za mwanzo za sauti, Perfect Day ikiwemo, zilirudishwa kumbini mwaka 1937 zikiwa zimeongezewa muziki wa nyuma, na nakala hizo ndizo zilizozunguka kwa miaka mingi. Kwa Perfect Day tafuta iliyorudishiwa sauti ya 1929. Kwa The Music Box chukua ya nyeusi na nyeupe, onyesha kwa watu wengi kwa pamoja, na unganisha spika kubwa, maana spika ya simu au ya kompyuta ndogo inaimeza kabisa ile sauti ya chini ya nyuzi.